Saa Iliyoibwa Nyumbani kwa Babu Mekki

Saa ya ukutani nyumbani kwa Babu Mekki haikuwahi kuitii serikali. Serikali iliposogeza saa za nchi mbele na kutangaza kwamba zitakaa hivyo mwaka mzima, mzee alisimama katikati ya sebule yake hapo Taza ya Juu, mji wa kale ulio kilimani, akasema wasogeze huko huko kwao, kwake hawaingii. "Jua limeniamkia leo pale pale liliponiamkia jana," alisema. "Halikuniaga kwamba linahama." Tangu hapo nyumba nzima ikawa nyuma ya nchi kwa saa moja. Kila aliyetoka mlangoni aliitazama saa ile, akaongeza saa moja kichwani, ndipo akajua walimwengu wako saa ngapi. Mjukuu wake, Ghizlane, alizoea kuongeza kama watu wengine wanavyozoea kuvua viatu wakiingia ndani.

Ramadhani tu ndiyo iliyowapatanisha mzee na serikali. Mwezi huo wakubwa wenyewe huzirudisha saa nyuma, na babu alikuwa akienda msikitini kifua mbele. "Wametubu," aliwaambia wenzake. Lakini Jumapili inayofuata Idi saa husogezwa mbele tena, na babu hununa, hana salamu kwa mtu. Na mwaka huu, tazama bahati ya mtoto wa watu, Ghizlane alitakiwa kuanza kazi siku ya pili yake, Jumatatu.

Alikuwa amemaliza masomo ya upimaji ardhi huko Fes. Bwana Lahlimi, mpima ardhi mwenye ofisi Taza ya Chini, huko bondeni, alimwita, akaviangalia vyeti, akamwangalia na mwenye vyeti. "Usichokijua nitakufundisha," alimwambia. "Kuwahi sikufundishi, uje nako kutoka kwenu. Sisi tukishapakia vyombo vya kupimia kwenye gari tumeondoka, haturudi kumfuata mtu. Jumatatu baada ya Idi, saa mbili na nusu asubuhi, uwe ndani ya lango hili. Usipokuwepo nampigia simu mwenzako." Na mwenzake alikuwepo kweli. Ghizlane alimkuta kwenye benchi la nje, kijana mmoja ameketi wima na bahasha mapajani, kaja mapema kupita kiasi.

Utasema, saa mbili na nusu, kuna mlima gani hapo wa kupanda? Basi wewe hujalala katika ile nyumba.

Kaka zake wawili walikuwa Tanja viwandani. Baba alishafariki. Mama yake, Yamna, vidole vilimvimba kwa baridi yabisi, hawezi kuinua birika lililojaa. Kwa hiyo kila birika lilikuwa la Ghizlane. Unga ukishakandwa, nani apeleke mkate kwenye tanuri ya mtaa? Ghizlane. Mgeni akibisha, nani aoshe bilauri? Na wageni wa Taza ya Juu hawapigi simu kwanza. Wanabisha, wanaingia, wanakaa, na anayeondoka kabla ya bilauri ya tatu huacha watu wakiulizana kama kuna ugomvi. Mwenyeji naye kuwaambia "nina shughuli" ni tusi kubwa, heri awamwagie maji ya vyombo. Hakuna aliyemfungia Ghizlane kwa kufuli. Alikuwa amenaswa, na waliomnasa walikuwa wanampenda.

Huko chuoni mwalimu mmoja aliwaambia wanaohitimu kwamba kazi haianzi siku ya kazi. Ishini mwezi mzima kama mmeshaajiriwa, aliwaambia. Amka kwa saa ya kazini, toka kwa saa ya kazini, jua kila shughuli inakula muda gani, na ujifunze kusema hapana. Maneno mazuri sana, hasa kwa mtu anayeishi na paka wake. Ghizlane aliyameza kama dawa. Alichora ratiba kwa kalamu ya rangi akaibandika ndani ya mlango wa kabati, na akajipangia kwamba kila Jumatatu ya Ramadhani atashuka zile ngazi ndefu za kuteremkia Taza ya Chini mpaka ofisini kwa Lahlimi, aguse lango saa mbili na nusu, arudi zake.

Hakuligusa kwa wakati hata mara moja. Mara ya kwanza jirani alileta mtoto aangaliwe "kidogo tu", na kidogo hicho kikaenda mpaka mtoto akalala, akaamka, akadai uji. Mara nyingine alikuwa ameshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa, mama akatoka jikoni na trei ya vileja vya Idi. "Mwanangu, ukipita tu, watupie hii tanurini." Akaitupia, naam, akasimama nyuma ya trei za mtaa mzima, kila mwanamke akilinda vileja vyake visichanganywe na vya mwenzake. Siku alipofika ofisini ilikuwa adhuhuri, watu wanafunga mlango kwenda kuswali. Jioni alifungua kabati, ratiba ikamtazama na rangi zake, akalifunga.

"Unachora nini humo kila siku?" mama yake alimuuliza.

"Muda wangu, mama."

"Muda wako?" Yamna alishangaa kweli, bila ubaya wowote. "Kwani mtu ana muda wake peke yake?"

Ghizlane alilifunga kabati. Alichukua ndoo akaenda kuosha ua.

Babu Mekki alikuwa akiyaona yote. Zamani alikuwa mshona matandiko ya nyumbu, na nyumbu walipopungua mjini alihamia kwenye lile godoro la sebuleni, chini ya saa yake, na tasbihi mkononi. Nani kaingia, nani katoka, nani karudishwa akiwa ameshika kitasa, yote yalipita mbele yake. Ghizlane alimwona kama sehemu ya ukuta.

Idi ikaja, na Idi ikamleta shangazi Zhor kutoka Meknes, na watoto wanne, na sanduku lililofungwa kwa kamba. Huyu Zhor ni binti wa babu, mwanamke wa sauti na kicheko, moyo wake safi, ila akikaa amekaa.

"Nakaa mpaka mnichoke!" alitangaza mlangoni.

"Tukuchoke vipi, dada yangu," akasema Yamna, huku anavisugua vidole vyake.

Kufika jioni Zhor alikuwa amekwisha kulisikia la kazi. "Eti Ghizlane wetu anakwenda kupima mashamba ya watu! Na fimbo ndefu, na buti za matope! Haya, na chai atamimina nani?"

"Birika lina mpini, shangazi," alijibu Ghizlane. "Yeyote anaushika."

"Sikia ulimi! Ndiyo masomo ya Fes hayo?" Zhor akacheka, wote wakacheka, na bilauri yake ikasogezwa mbele ijazwe. Ghizlane akaijaza.

Mwisho wa wiki ulipokaribia alianza kuota ndoto moja tu. Anashuka zile ngazi, na kila anaposhuka zinaongezeka. Anaamka ametota jasho. Aliogopa kwamba Jumatatu ataisoma saa vibaya, maana mwezi mzima alikuwa hakuongeza kitu, nyumba na nchi zilikuwa sawa, na sasa ilibidi aanze upya kuongeza, tena asubuhi ile ile ya kazi. Akamwendea babu.

"Babu, nikuombe kitu. Hiyo saa yako tuisogeze. Kwa siku moja tu."

"Isogee iende wapi?"

"Mbele. Iwe kama ya nchi."

"Chuo kizima huko Fes," akasema babu, "na kuongeza moja kunakushinda?"

"Silali, babu. Nikichelewa Jumatatu nafasi inakwenda. Sina nyingine."

Mzee alizungusha tasbihi. "Saa hii naiweka kwa adhana, kwa mkono wangu. Wao walioninyang'anya saa yangu moja wairudishe kwanza, ndipo tuzungumze. Saa nzima ya umri wangu, binti! Sikumpa mtu, sikuuza. Waliichukua nimelala."

Ghizlane hakuwa mtu wa kumjibu babu yake. Lakini siku ile kifua kilimjaa. "Wewe wamekuibia moja, babu," alisema. "Mimi katika nyumba hii nimeibiwa zote."

Tasbihi ikasimama. Alitaka kuomba radhi, lakini birika lilikuwa linatoa mvuke jikoni na watoto wa Zhor wanalia njaa, akaenda. Alisimama pale jikoni mbele ya kidirisha chenye nondo, akaitazama Taza ya Chini, paa la ofisi ya Lahlimi linaonekana kabisa kutoka pale, karibu kama la jirani. Angeweza kulitazama kila siku mpaka azeeke.

Jumapili alijiandaa kama askari. Suruali na koti vilitundikwa msumarini, viatu vilielekezwa mlangoni, simu ikawekwa kwenye saa ya nchi na kengele ikategwa. Simu ndiyo aliyoitegemea. Baada ya chakula shangazi Zhor akanyoosha mkono.

"Nipe simu yako nimsalimie mwanangu wa Ubelgiji, yangu haina salio. Dakika mbili."

Sasa dakika mbili za Zhor! Alimwonyesha kijana wake watoto, mmoja mmoja, kisha Yamna, kisha babu aliyekataa kutazama, kisha supu iliyobaki, kisha ua, kisha mnanaa uliooteshwa kwenye makopo uani. Ghizlane alikuwa anaosha vyombo vya watu wanane. Alipomaliza aliikuta simu juu ya godoro, akaitia chini ya mto bila kuitazama, na usingizi ukamchukua kabla hajavuta shuka.

Kilichomwamsha si kengele. Ni mama yake kupiga donge la unga kwenye sinia. Nje kulikuwa na wingu zito limeshuka kutoka mlima Tazekka, mwanga wa kijivu, huwezi kujua ni alfajiri au mchana. Akaivuta simu. Nyeusi. Akaibonyeza, akaitikisa, akaibonyeza tena. Imekufa.

Alitoka mbio kuelekea sebuleni, na goti likagonga kiti. Kiti cha jikoni, kimesimama katikati ya njia, mahali ambapo kiti hakijawahi kukaa. Hakuwa na muda wa kushangaa. Aliinua macho ukutani. Saa moja na robo. Akaongeza moja.

Saa mbili na robo.

Kutoka pale hadi kwa Lahlimi, kwa mwendo wa kukimbia, ni nusu saa. Imekwisha. Mwezi mzima wa ratiba, miaka yote ya Fes, imekwisha, na yule kijana wa bahasha atapigiwa simu. Alivaa koti mkono mmoja huku anatafuta kiatu, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta.

"Mwanangu," Yamna akatokea na ubao wa mikate mibichi, "ukipita tu, watupie..."

"Siwezi, mama!"

Shangazi Zhor alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. "Hee! Hata salamu hakuna? Na chai ya watoto?"

"Mimina mwenyewe, shangazi!"

Kauli kama ile ilikuwa haijapita katika nyumba ile tangu kuta zijengwe. Chini ya saa, babu alikuwa ameketi macho kayafumba, tasbihi inatembea. Hakuyafumbua. Ghizlane alimpita na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Ngazi zilikuwa na utelezi. Maduka yalikuwa yamefungwa, na hakujiuliza kwa nini. Teksi hazikuwepo, na hilo nalo hakujiuliza. Alikimbia akilia kwa sauti kama mtoto, anajisemea moyoni kwamba atarudi nyumbani, atavua koti, atashika birika, na hakuna atakayemlaumu, watamhurumia, watampenda zaidi. Hilo la kuhurumiwa ndilo lililompa nguvu ya kukimbia. Alitaka angalau alione lango lililofungwa kwa macho yake mwenyewe.

Na kweli lilikuwa limefungwa, kwa mnyororo. Akalishika akalitikisa.

"We binti! Unavunja lango la watu?" Mlinzi, mzee aitwaye Allal, alitoka kibandani na andazi la moto mkononi.

"Wameondoka zamani?"

"Nani?"

"Bwana Lahlimi. Na gari la vyombo."

"Lahlimi?" Allal alitafuna kwanza. "Lahlimi sasa hivi anakoroma kwake. Wewe umeanguka kutoka wapi?"

"Si saa tatu kasorobo?"

Mlinzi alivuta mkono wa koti, akatazama saa yake, akamtazama msichana, nywele zimemtimka, koti limefungwa vifungo shaghalabaghala. "Saa mbili kasorobo. Ya serikali hiyo, si ya mama yako." Halafu akaanza kucheka. "Ahaa! Wewe ni wa Taza ya Juu. Umesogeza mara mbili! Kila mwaka nampata mmoja hapa."

"Sikusogeza kitu mimi. Saa ya kwetu haijasogezwa tangu..." Akainama akapapasa goti. Goti lilikuwa bado linamuuma pale lilipogonga kiti.

Aliketi kwenye kizingiti. Mbele yake kulikuwa na karibu saa nzima. Haina birika, haina trei, hakuna mtoto wa mtu wa kuangalia. Katika ratiba yake yote ya rangi hakuna mahali alipoandika saa ya namna hiyo, na mikono yake ilikuwa inatafuta cha kushika. Allal akampa andazi. Alilila polepole, ameketi, mpaka likaisha, na hakuna aliyemwita katikati. Akalia tena kidogo, kwa raha safari hii. Kisha akavifungua vifungo vya koti akavifunga upya, kimoja kimoja.

Lahlimi alipofika alimkuta pale pale. Alitazama saa, akamtazama, akakohoa. "Wewe utabeba ile miguu mitatu ya chombo cha kupimia," alisema. "Ni mizito. Panda garini." Hakumpigia mtu simu.

Ghizlane alirudi jioni na matope hadi magotini. Simu, aliyoichajia ofisini, ilikuwa mkononi. Aliitazama, akaitazama saa ya ukutani. Ya ukutani ilikuwa nyuma kwa saa moja, mahali pake pa siku zote, na kiti kilikuwa kimerudi jikoni. Akaketi kwenye godoro karibu na babu.

"Uliisogeza saa, babu."

"Mimi? Kwa miguu hii nipande kiti?"

"Kiti kilinivunja goti."

"Pole ya goti."

"Nimekimbia nalia njia nzima. Nilidhani nimepoteza kila kitu. Si ungeniambia tu?"

Babu alitazama kwanza upande wa jikoni, akashusha sauti. "Ningekuambia ungefanya nini? Ungesema, kumbe bado mapema. Ungepeleka mkate. Ungewamiminia watoto wa Zhor. Nimekaa hapa mwezi mzima nakuona unarudishwa kutoka kwenye kile kitasa. Wewe ukiwa na muda hutoki, mjukuu wangu. Watu wanaula, na wewe mwenyewe unawapakulia." Akakohoa. "Nilijua utaongeza moja. Unaongeza tangu una meno ya utoto. Nikasema, leo akiongeza, atatoka."

Ghizlane alimsogelea. Aliushika mkono wa babu yake akaubusu, kama wajukuu wanavyobusu, ila akakawia kuuachia.

"Ulifika mapema?" mzee aliuliza.

"Karibu saa nzima."

"Saa nzima! Ukakaa nayo peke yako?"

"Peke yangu. Nikala andazi."

Babu Mekki alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi apigwe mgongo. "Ndiyo yangu hiyo," alisema alipopata pumzi, akijifuta macho. "Ndiyo waliyoninyang'anya. Kumbe ipo. Basi kaa nayo wewe, mimi sasa nitaifanyia nini."

Mlango wa nje ukabishwa, sauti za watu, salamu ndefu. "Ghizlane!" mama aliita kutoka jikoni. "Wageni!"

Mwili wake uliinuka nusu kabla hajauambia. Kisha akaketi tena.

"Robo saa, mama," aliitikia. "Niko na babu."

Akamsikia shangazi Zhor akinung'unika huko jikoni, na mfuniko wa birika ukagonga.